Roshani ya Chini

Jumatatu, 4 Machi

Balaa. Leo tumepigwa X.

Si mimi, ni nyumba. Lakini ndimo ninamolala, kwa hiyo ni kama nimepigwa mgongoni. Nimerudi kutoka kazini nimechoka hata kope nzito, nakuta ukutani, chini ya dirisha langu, X nyekundu kubwa kama mtu aliyeanguka chali. Rangi mbichi. Nimeigusa kuhakikisha. Sasa mguu mmoja wa X uko kwenye suruali yangu.

Maana yake mtaani hapa kila mtu anaijua. Barabara mpya inapita, pana, na kandokando yake majengo ya vioo. Nyumba yenye X inavunjwa. Nyumba yenye kitu cha kale inachorwa duara la kijani na watu wa makumbusho, na hiyo haiguswi. Mpaka leo sijaona duara hata moja. Wanasema rangi ya kijani inasubiri sahihi ya mkubwa fulani. Rangi nyekundu haiishi mji huu.

Na mvunjaji ni nani? Kampuni yetu. Yaani mimi! Nitashika nyundo, nivunje chumba changu mwenyewe kwa bidii, halafu jioni nirudi wapi?

Mama Mwenye Nyumba hakulia. Alikaa kizingitini akaitazama ile X muda mrefu. Akasema matofali yale marehemu mumewe aliyafyatua kwa mikono yake, wengine wamelala na homa yeye yumo kwenye udongo, na kwamba huyo aliyechora hata mstari kunyoosha hawezi.

Ningeweza kutafuta chumba kwingine. Lakini mke wangu anakuja Jumamosi. Hilo ndilo jambo. Tangu nije kutafuta maisha huku mbali tumekuwa mke na mume wa kwenye simu. Safari hii anakuja kukaa. Kuku wake wote amekwisha kuwagawia dada zake, na mtu akishagawa kuku harudi nyuma.

Tena kuna lingine. Siku moja kwenye simu, mdomo uliniponza, nilimwambia chumba chetu kina roshani.

Sijui kwa nini nilisema roshani. Aliuliza tu kama kuna hewa.

Jumanne, 5 Machi

Leo tumeanza kubomoa nyumba ya ghorofa ya pale kona. Ya zamani sana. Kuta za mawe na chokaa, nene, mtu anaweza kulala dirishani asianguke. Haina duara. Nyapara hakutaka kusubiri. Amesema kama makumbusho wanaitaka, wangekwisha kuja na rangi yao. Ndiyo Mzee akasema kweli kabisa, bosi.

Ndiyo Mzee ni kibarua mwenzangu. Tumepanga nyumba moja, chumba chake kimepakana na changu, akikoroma ni kama amelala miguuni kwangu. Hilo jina amelitolea jasho. Nyapara akisema mvua inanyesha, yeye anakunja suruali. Mimi wananiita Katibu kwa sababu ya kuandika haya. Darasa la sita niliachia hapo, ila wao hata kalamu wanaazima kwangu.

Asubuhi amechukua toroli zuri tena! Tuna matoroli mengi yanayolia kama paka aliyekanyagwa, na moja tu ambalo gurudumu lake linazunguka kimya. Jana nililificha nyuma ya kifusi nikalifunika turubai. Amelinusa. Siku nzima nimesukuma lile la kulia, watu njiani wananipisha kwa huruma.

Saa nne nikainua macho kupumua. Nikaiona. Roshani! Ya mbao nyeusi, imening'inia ghorofani, ukingo umechongwa majani na maua, vijiti vyake vyembamba kama vidole vya bibi harusi. Nyapara amesema mbao zote ziende kwa mwoka mikate, akawashie tanuri.

Nikatua nyundo. Akili ikawaka yenyewe. Nyumba yenye kitu cha kale haiguswi. Mke wangu nimemwahidi roshani. Na roshani hii hapa, inakwenda kuchomwa!

Nimecheka peke yangu hadi saa ya kula. Ndiyo Mzee ameuliza kama jua limeniingia.

Jumatano, 6 Machi

Nina mikono miwili tu. Roshani inataka minne. Imenibidi nimwingize Ndiyo Mzee.

Nilijua yeye pia hana pa kwenda nyumba ikivunjwa, nikadhani atasaidia kwa uchungu wa nyumba. Wapi! Alikuna kichwa, akasema roho inamtuma kunisaidia lakini mgongo unakataa, na kwamba mgongo ungeweza kulainika kama toroli zuri lingekuwa lake moja kwa moja, bila mtu kulificha. Nimekubali. Nimelia moyoni.

Nyapara huondoka mapema siku ya mpira. Alipogeuza kona tu tukapanda. Upande wangu nimeushusha taratibu, msumari kwa msumari. Upande wake ameuvuta kwa mtaimbo kama anang'oa jino la adui. Vijiti viwili krrak! Nimemwambia roshani hii ni mzee wa watu, aishike kwa adabu. Amesema mbao ni mbao.

Tumepakia kwenye toroli zuri. Toroli lake, amenikumbusha.

Mama Mwenye Nyumba amekwenda kumwuguza dada yake, anarudi kesho. Bahati. Maana hapo ndipo nilipogundua jambo dogo ambalo sikuwa nimelifikiria. Nyumba yetu haina ghorofa.

Ndiyo Mzee aliniangalia. Nami nilimwangalia. Roshani imelala chini katikati yetu kama maiti ya tajiri.

Nikasema palipo na nia pana njia. Tumeifunga chini ya dirisha langu, usawa wa mapaja. Tumepigilia misumari mpaka ukuta wa matofali ukakohoa. Imeifunika X yote! Kuingia unapita dirishani, unatanguliza mguu, kisha kichwa, kisha mguu uliobaki. Ukishakaa, barabara iko pale pale, unaweza kumsalimia mbwa kwa kumpa mkono.

Hewa ipo, lakini. Hewa nzuri.

Alhamisi, 7 Machi

Mama Mwenye Nyumba amerudi. Ameniita kwa majina ambayo sikuyajua, na mimi ni mtu wa vibarua. Akauliza nani amemzalishia nyumba yake. Nikamweleza mpango, duara la kijani, yote. Akasema mwanangu, wewe akili zako ni nywele za kipara. Kisha akapita dirishani ili aone uharibifu vizuri. Akakaa. Baadaye akaniagiza nimletee mto.

Hajatoka humo mpaka jioni. Wapita njia wote wamemwamkia, na wote amewauliza habari za kwao. Amesema tangu afiwe hajapata kuamkiwa na watu wengi namna ile.

Kasoro moja. Roshani ni ya kale, ukuta ni wa juzi. Mtaalamu ataona. Nikachemsha majani ya chai sufuria nzima nikaupaka ukuta. Nikaongeza masizi. Nikaongeza tope. Ukuta sasa haufanani na wa kale. Unafanana na mtoto aliyeumwa tumbo. Ndiyo Mzee amecheka hadi akashika toroli lake.

Halafu mkosi. Nyapara amepita njia yetu akiandika kwenye simu. Hainui macho yule. Pembe ya roshani ikampokea pajani. Akaruka, akashika paja, akauliza hiki ni kitu gani na kimekuwa hapa tangu lini. Moyo wangu ukahama kifua. Jana tu mbao zile zilikuwa juu ya kichwa chake pale kona!

Lakini mtu asiyeinua macho hajui kilichokuwa juu. Mama Mwenye Nyumba, kutoka ndani ya roshani, mkono shavuni, akamjibu kwamba yeye aliletwa hapa bibi harusi akaikuta. Akamwambia awe anatazama anakokwenda, baba, asije akagonga na kaburi lake.

Nyapara akasema basi tutaanza na hii. Jumatatu asubuhi. Tingatinga lije moja kwa moja hapa.

Ndiyo Mzee alikuwa nyuma yake. Neno likamtoka lenyewe: ndiyo, bosi.

Ijumaa, 8 Machi

Nimedanganya kazini kwamba tumbo linauma. Limeanza kuuma kweli baadaye, kwa hiyo si dhambi.

Nimekwenda makumbusho. Nimevaa shati la kuzikia. Mlinzi wa mlangoni amesema wabeba mizigo wapite nyuma. Nikapita nyuma. Karani mmoja akanisikiliza akitafuna. Nikamwambia mtaani kwetu kuna roshani ambayo haina ndugu duniani, roshani ya chini. Akaacha kutafuna. Akasema wa nyumba za kale ni dada mmoja tu, mji mzima ni wake, na sasa yuko huko anazunguka kwa miguu, gari halina mafuta. Atamwambia.

Nikauliza na rangi? Akasema imesainiwa leo. Nusu ya sahihi. Bado nusu.

Jumamosi, 9 Machi

Amefika!

Nilimwona anashuka kwenye basi na kifurushi kichwani, amekonda kidogo, au ni mimi niliyemsahau. Tulisimama kama wageni. Kisha akaniangalia juu mpaka chini, akasema simu ilikuwa inakunenepesha. Nikajua ndiye.

Njiani sikufunga mdomo. Nilimwonyesha hospitali, daraja, jengo la vioo. Nilipita njia ndefu ili asipite kona ile ya kifusi. Sijui kwa nini. Nyumba ile ilikuwa nzuri. Niliibomoa vizuri.

Tukafika. Nikamwambia haya, roshani hiyo. Mama Mwenye Nyumba alikuwamo, amejaa tele, anachambua mchele. Mke wangu aliitazama. Akainama kidogo aione chini yake. Akanusa ukuta. Akauliza kama humu watu hupaka nyumba chai. Akasema ulinitajia roshani, baba, hukunitajia kwamba mtu anaipanda kwa kuinama.

Nikafikiri basi, nimekwisha. Mama Mwenye Nyumba akamsogezea nusu ya mto, akamwambia pita mwanangu, tanguliza mguu. Akapita. Wakakaa wawili, sinia katikati. Mpaka jua linazama nilisikia vicheko, na jina langu ndani ya kila kicheko.

Nimemwambia habari ya tingatinga wakati wa kula. Ilibidi. Hakupiga kelele. Alisema kuku wake amekwisha kuwagawa. Basi, hilo tu. Bora angepiga kelele.

Jumatatu, 11 Machi

Siku kubwa.

Asubuhi tingatinga limekuja, nyuma yake sisi vibarua na nyundo zetu, mbele yake nyapara anachechemea. Nilijificha kwenye safu ya mwisho. Haikusaidia. Nyapara akaniita niingie nitoe vitu vya watu ndani.

Mke wangu na Mama Mwenye Nyumba walikuwa tayari wamekaa kwenye roshani, wanamenya maharage. Nyapara akawaambia watoke. Mama Mwenye Nyumba akasema hasikii vizuri, mashine inapiga kelele. Mashine ikazimwa. Akasema bado hasikii. Mke wangu akasema yeye amesafiri njia nzima akiwa amesimama, amefika, amekaa, na hana mpango wa kusimama tena wiki hii. Nyapara akauliza huyu mwanamke ni wa nani? Vibarua wote wakanigeukia. Asanteni ndugu zangu!

Akaniambia nimshushe mke wangu la sivyo kibarua changu kimeota nyasi. Nilimtazama mke wangu. Alikuwa ananitazama mimi, ganda la haragwe mkononi. Nikasema bosi, yule simwezi. Ni kweli tupu, lakini watu walishangilia kama nimesema jambo la kishujaa.

Hapo akatokea Dada wa Makumbusho. Mwembamba, kofia ya majani, viatu vimekula vumbi la mji mzima. Mkononi kopo la rangi. Kijani! Sahihi imekamilika.

Nikaruka mbele kama mwenyeji. Nikaanza somo langu. Nikamweleza roshani za chini zilivyokuwa za heshima, kwa kuwa wazee wa hapa walikuwa wanaogopa kimo. Hakunijibu. Alipitisha vidole kwenye maua ya ukingo, polepole, kama mtu anayesoma gizani. Akafika mahali fulani chini ya mkono wa ukingo, akapapasa ua moja kama analifahamu. Kisha akatuacha pale pale, akaenda zake kwa miguu hadi kona. Tulimwona amesimama mbele ya kifusi. Aliokota kipande cha chokaa. Akakiweka chini tena, taratibu, kana kwamba pana mtu amelala.

Nikaificha nyundo yangu nyuma ya mgongo.

Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Akasema, si kwa mtu hasa, kwamba alipokuwa mwanafunzi alikaa chini ng'ambo ya nyumba ile siku baada ya siku akiichora, kila ua. Kwamba duara la kwanza alikuwa amelipanga liwe lile. Kwamba alisubiri rangi. Nyapara akatazama simu yake.

Kisha akanigeukia mimi. Akasema aliyeishusha hii hana adabu, amevunja vijiti viwili.

Damu ikanipanda! Mtu hawezi kuvumilia kila kitu. Nikamwambia dada yangu, hivyo viwili ni vya Ndiyo Mzee! Upande wangu nimeushusha mzima, msumari kwa msumari, akague mwenyewe!

Hata tingatinga, lililokuwa limezimwa, lilizidi kunyamaza. Mke wangu akafunika uso kwa upande wa kanga. Ndiyo Mzee akaanza kurudi nyuma pamoja na toroli lake, na lile halilii, basi akaenda mbali sana.

Nyapara akapiga kelele wizi, mbao za kampuni, polisi. Dada wa Makumbusho akamwuliza mbao hizo zilikuwa zinakwenda wapi. Akasema kwa mwoka mikate. Akamwuliza tena, taratibu kuliko kwanza. Akajibu tena, taratibu kuliko kwanza, na safari hii hata yeye alijisikia.

Dada akasimama anafikiri. Alisema akiichukua akaiweke ghala la makumbusho, ghala linavuja, mchwa watakula kabla ya mwaka kuisha. Humu angalau kuna watu. Aliwatazama wale wawili na sinia lao. Akamwuliza Mama Mwenye Nyumba kama ataiacha wazi, mpita njia akitaka kukaa akae. Mama akasema mwanangu, wanakaa tayari, shida ni kuwatoa.

Akafungua kopo. Akachora duara ukutani, juu ya chai yangu na tope langu, duara zuri, la mkono uliozoea. Akamwambia nyapara roshani ni ya kale, imesajiliwa, na mahali ilipo hapaguswi mpaka ipatikane ghorofa ya kustahili kubeba roshani hiyo. Barabara ipinde kidogo.

Vigelegele! Mama Mwenye Nyumba alipiga mpaka akakohoa. Mke wangu hakupiga. Alinitupia haragwe moja, likanipata usoni. Kwa kumjua, hiyo ni mapenzi.

Kabla hajaondoka Dada aliniambia kwa sauti ya chini nitafute mbao ngumu, nichonge vijiti viwili vipya nivifanye vifanane, na niipake mafuta. Na siku nyingine, akasema, nikiona nyumba kama ile, nimwite kabla ya kushika nyundo. Si baada. Kabla.

Nimeapa. Nimeshika na sikio.

Jumatano, 13 Machi

Kazi sikufukuzwa. Nyapara amesema anayejua kushusha vitu bila kuvivunja ni mimi peke yangu, na kampuni haitaki aibu nyingine na watu wa makumbusho. Ndiyo Mzee amesema kweli kabisa, bosi. Toroli zuri bado ni lake. Ahadi ni deni, lakini nimeanza kuangalia lile gurudumu.

Wapima barabara wamekuja, wamevuta kamba, wamekuna vichwa. Barabara itapinda. Vijiti vyangu viwili havifanani, mke wangu amesema kimoja kama kijiko na kingine kama mguu wa bata. Ila jioni nzima pale pamejaa watu. Fundi viatu amekaa humo leo, na mwalimu mstaafu, na msichana mmoja aliyekuwa analia akanyamaza. Mama Mwenye Nyumba ameongeza mto. Huko ng'ambo, kwenye kona, pameshazungushwa mabati.

Sasa jambo lenyewe. Jirani wa kushoto amekuja kwangu kwa siri, kofia mkononi. Naye ana X. Ameniuliza kama naweza kumpatia japo kitu kidogo cha kale. Jirani wa nyuma vilevile. Nimewaambia watulie, mtaalamu yupo.

Kesho tunaanza posta ya zamani. Juu yake kuna saa kubwa, ya shaba, imesimama miaka na miaka lakini ina sura ya heshima. Leo nimepita kuiangalia. Nimerudi nimepima paa la jirani kwa hatua, halafu kwa kamba. Paa ni la bati, lakini likitiwa nguzo moja katikati ya kitanda chake linaweza kubeba.

Mke wangu ameniona nikipima. Hakuuliza napima nini. Amesema neno moja tu: thubutu!

Nimekumbuka kile kiapo cha sikio, cha kumwita yule dada kabla. Nitamwita. Lakini dada ana mji mzima na miguu miwili, na tingatinga halisubiri mtu. Nitamwita kabla ya kuipandisha. Nikishaishusha.

Sasa mke wangu amekwenda sokoni. Ndiyo Mzee yuko nje, namsikia. Nimemwita aje tuzungumze kidogo kuhusu mgongo wake.